Dawa za tezi dume zinafanya kazi. Kazi gani?

Mazungumzo ya tezi dume miongoni mwa wazee wanaozungumza Kiswahili nchini Uganda yana kambi mbili. Utazikuta Bombo kwa Wanubi, utazikuta sokoni Arua, utazikuta Malaba ambako madereva wa malori husubiri karatasi za forodha. Kambi ya kwanza inasema vidonge ni biashara ya wenye maduka ya dawa: mzee anameza miaka mitatu, minne, halafu mkojo unaziba vilevile na anaishia mezani kwa daktari wa upasuaji, pesa zimekwisha na umri umesogea. Kambi ya pili inasema kisu ni cha mwisho. Fulani alipasuliwa akarudi nyumbani akivuja mkojo, mwingine akarudi "si mwanaume tena", na wapo wengi tu wanaolala usingizi wao kwa kapsuli moja ya jioni.

Naona pande zote mbili zinabishania swali pana mno. Hakuna kitu kimoja kinachoitwa dawa ya tezi dume. Kuna makundi mawili makubwa yanayofanya kazi mbili tofauti, kwa kasi tofauti, kwa wanaume tofauti. Na moja kati ya kazi hizo, ile ya kuzuia mkojo usizibe na mtu asifike kwenye kisu, inadai jambo ambalo kwetu ni gumu kulipata: kumeza kila siku, bila kukatiza, kwa miaka.

Tezi dume hukaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Umri ukisogea huanza kukua kwa kusukumwa na homoni za kiume. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba karibu nusu ya wanaume wa miaka 51 hadi 60 wana ukuaji huo, na waliofika miaka ya 80 ni zaidi ya wanane kati ya kumi. Huo si saratani wala haugeuki kuwa saratani, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kinachobana mkojo ni mambo mawili. Kwanza ni wingi wa nyama ya tezi yenyewe. Pili ni misuli laini iliyomo ndani ya tezi na kwenye shingo ya kibofu, ambayo hujikaza. Ndiyo maana ukubwa wa tezi na ukali wa dalili haviendi sambamba: yupo mwenye tezi ya gramu 80 anayekojoa vizuri, na yupo mwenye gramu 30 anayesimama chooni dakika nzima akisubiri tone. Nalisema hili kwa sababu mijini kwetu vibanda vya ultrasaundi vimejaa, na mwanaume aliyeingia kwa maumivu ya mgongo anatoka na karatasi inayosema tezi imekua, kisha anavuka barabara kununua dawa ya ugonjwa ambao hajawahi kuuhisi. Mtu huyo hana cha kutibiwa. Madaktari hupima ukali kwa maswali saba yanayompa mgonjwa alama kutoka 0 hadi 35. Chini ya 8 ni dalili nyepesi, na kwa nyepesi ushauri wa kawaida ni kuangalia tu na kurekebisha mwenendo wa kunywa na kukojoa.

Sasa kundi la kwanza la dawa. Hizi hulegeza ile misuli laini: tamsulosini, alfuzosini, doksazosini, terazosini na ndugu zao. Ndizo zinazoandikwa zaidi, na sifa yake kubwa ni kasi. Mtu huona tofauti ndani ya siku chache, na wiki nne zinatosha kujua kama dawa imemkubali au la. Kwa wastani alama za dalili hushuka kwa asilimia 30 hadi 40, na kasi ya mkojo huongezeka kwa robo hivi au pungufu kidogo.

Ukiishia hapo utasema dawa ni muujiza. Lakini katika majaribio, hata kidonge kitupu kisicho na dawa yoyote hushusha alama hizo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 1996 uliwafuata wanaume 1,229 kwa mwaka mmoja. Waliopewa terazosini walishuka alama 6.1, waliopewa kidonge kitupu walishuka 2.6. Tofauti halisi iliyoletwa na dawa ni alama tatu na nusu kati ya 35. Mgonjwa huanza kusema "naam, nimepata nafuu" akishuka alama tatu hivi, kwa hiyo nafuu ya dawa ni ya kweli, inahisika, na wala si kubwa kama tangazo linavyodai. Hasa kuamka usiku, jambo linalowapeleka wengi hospitali, ndilo linalobadilika kidogo zaidi: kwa wastani dawa humpunguzia mtu pungufu ya safari moja ya chooni kwa usiku. Mzee anayeamka mara tano na kuambiwa kapsuli itamlaza mpaka alfajiri amedanganywa. Kwake yeye huenda kuhamisha kidonge cha presha kinachokojoza kutoka jioni kwenda asubuhi, na kuacha vikombe viwili vya chai baada ya Isha, kukafanya kazi sawa na hiyo kapsuli, na bure.

Hata hivyo, wanaodharau nafuu ya alama tatu aghalabu ni wale ambao hawajaugua. Kwa Mwislamu wa Bombo ambaye mkojo unamtiririka baada ya kutoka chooni, suala ni udhu. Sheikh atamwambia atawadhe kwa kila sala na asiwe na wasiwasi, nayo ni ruhusa inayojulikana, lakini mzee mwenyewe huanza kukaa nyuma karibu na mlango, halafu huanza kusali nyumbani. Dereva wa lori kati ya Malaba na Kampala naye ana hesabu yake: kila kusimama ni muda, na kusimama usiku mahali pasipo na watu ni hatari. Ukimpunguzia mmoja wao kusubiri, kuchuruzika na kukimbilia chooni kwa theluthi moja tu, umemrudishia sehemu ya maisha.

Kasoro za kundi hili si siri. Baadhi huteremsha shinikizo la damu mtu anapoinuka ghafla, hasa doksazosini na terazosini, na mzee akianguka chooni usiku akavunjika nyonga, tezi itakuwa tatizo dogo. Kuna daktari atakayesema doksazosini inatibu presha na tezi kwa mpigo mmoja, hivyo mgonjwa anaokoa pesa. Hoja inavutia, lakini katika utafiti mkubwa wa dawa za presha Marekani, sehemu ya doksazosini ilisimamishwa mapema mwaka 2000 kwa sababu waliokuwa wakiitumia walipata moyo kushindwa kufanya kazi takriban mara mbili ya waliopewa dawa ya kukojoza. Presha itibiwe kwa dawa ya presha. Tamsulosini haishushi presha sana, ila huwafanya baadhi ya wanaume watoe manii kidogo au wasitoe kabisa wakati wa tendo, jambo linalowatisha wakaacha dawa kimyakimya. Likitokea, hukoma dawa ikiachwa. Na kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho, daktari wa macho aambiwe kwamba unatumia au uliwahi kutumia dawa hizi, maana hulegeza ile sehemu yenye rangi inayoizunguka mboni katikati ya upasuaji. Jambo hilo lilielezwa 2005, na kwetu, ambako kambi za macho huwapasua wazee wengi kwa siku moja, sidhani kama swali hilo huulizwa kila mara.

Jingine linaloihusu Uganda moja kwa moja: wanaume wanaoishi na virusi vya Ukimwi sasa wanafika miaka 60 na 70, jambo la kushukuru. Walio kwenye dawa za virusi za mstari wa pili (zinazotolewa za kwanza zikishindwa) zenye ritonaviri wasipewe alfuzosini hata kidogo, kwa kuwa ritonaviri huizuia isivunjwe mwilini na kiwango chake hupanda mno. Mwenye duka la dawa hawezi kulijua hilo kama mteja anaficha, na mteja wa mtaani huficha.

Lakini kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba kundi hili haligusi ukubwa wa tezi. Linalegeza, halipunguzi. Utafiti wa MTOPS, uliochapishwa 2003 na kuwafuata wanaume 3,047 kwa wastani wa miaka minne na nusu, ulionyesha kwamba doksazosini peke yake ilipunguza kuendelea kwa ugonjwa kwa asilimia 39, na sehemu kubwa ya faida hiyo ilikuwa dalili kutozidi. Ilipohesabiwa nani hatimaye mkojo uliziba au alipasuliwa, doksazosini peke yake iliwachelewesha watu tu. Haikupunguza idadi yao mwisho wa safari. Kwa hiyo kambi ya kwanza, ile inayosema "unameza na bado utapasuliwa", ina haki yake hapa. Ila iongeze maneno mawili: dawa *hiyo*.

Kundi la pili ni finasteridi na dutasteridi. Hizi huzuia mwili kugeuza homoni ya testosteroni kuwa ile aina kali inayoikuza tezi. Tezi hunywea, kwa asilimia 18 hadi 28 hivi, lakini huchukua miezi sita mpaka mwaka. Mzee anayenunua finasteridi ya wiki mbili, akaona hakuna kitu, akaacha, ametupa pesa yake. Na kwa mwenye tezi isiyo kubwa haisaidii sana hata akivumilia: katika ule utafiti wa 1996, ambao tezi za washiriki kwa wastani hazikuwa kubwa, finasteridi ilishusha alama 3.2 dhidi ya 2.6 za kidonge kitupu, yaani karibu na bure. Kwa sababu hiyo miongozo huitengea wenye tezi ya mililita 30 au 40 kwenda juu (karibu sawa na gramu hizohizo).

Kwa hao wenye tezi kubwa, habari hubadilika. Utafiti wa PLESS wa 1998 uliwapa wanaume 3,040 finasteridi au kidonge kitupu kwa miaka minne. Waliopasuliwa walikuwa asilimia 10 upande wa kidonge kitupu na 5 upande wa dawa. Mkojo uliziba ghafla kwa asilimia 7 dhidi ya 3. Watengenezaji wa dawa hupenda kusema "imepunguza hatari kwa zaidi ya nusu", na ni kweli. Mimi hupenda kuisema kwa watu: chukua wanaume 100, wape finasteridi kila siku kwa miaka minne. Watano wataepuka kisu ambacho wangekutana nacho. Watano watapasuliwa vilevile. Tisini wasingepasuliwa katika muda huo hata kama wasingemeza chochote, nao wamelipia vidonge 1,460 kila mmoja.

Je, hiyo ni dawa inayofanya kazi? Kwa mwanaume ambaye hospitali yenye mtaalamu iko mbali, ambaye mkojo ukiziba saa nane usiku hana gari la kumfikisha, hatari ya asilimia 7 ina uzito kuliko kwa mkazi wa mji wenye gari la wagonjwa kila kona. Kwa hoja hiyo, mtu wa Yumbe au Kisoro angefaidika na finasteridi kuliko mtu wa London. Tatizo ni kwamba huyohuyo wa Yumbe ndiye dawa inamkatikia. Hapo ndipo mjadala wetu unapaswa kukaa, na ndipo haukai.

Tangu 2001 matibabu katika vituo vya serikali Uganda hayalipiwi, ukitoa wodi za binafsi. Kwa malaria au chanjo hilo lina maana kubwa. Kwa ugonjwa wa kudumu wa wazee, maana yake mara nyingi ni kupimwa bure na kuandikiwa karatasi ya kwenda kununua nje. Bima ya afya ya taifa hatuna. Bunge liliupitisha mswada wake 2021 na haukuwa sheria. Basi mzee ananunua kapsuli kumi mwezi wenye pesa, anakaa mwezi mtupu, anarudi tena mkojo unapombana, hasa msimu wa mavuno au mwanawe akituma chochote. Kwa tamsulosini mtindo huo hupunguza faida lakini hauiui yote: siku anazomeza anapata nafuu, akiacha inaondoka. Kwa finasteridi mtindo huo unaiua kabisa, kwa kuwa tezi hurudi kukua. Na mwenye kuunganisha zote mbili, njia ambayo MTOPS ilionyesha kupunguza kuendelea kwa ugonjwa kwa asilimia 66, anahitaji kumeza vidonge 730 kwa mwaka. Majaribio hayo yalifanywa kwa watu waliopewa dawa mkononi na kufuatiliwa. Ukichukua ile asilimia 66 iliyopatikana kwa watu hao ukaiuza kwa mtu wa kapsuli kumi kumi, umemuuzia namba isiyokuwa yake.

Finasteridi ina suala jingine ambalo kwangu ni zito zaidi ya gharama. Hushusha PSA, kipimo cha damu kinachosaidia kushuku saratani ya tezi dume, kwa karibu nusu baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Saratani ya tezi dume ni miongoni mwa zinazowapata zaidi wanaume wa Uganda, na wengi hufika Taasisi ya Saratani pale Mulago ikiwa imeshaingia kwenye mifupa. Sasa fikiria mwanaume aliyeanzishwa finasteridi bila kupimwa PSA wala kuchunguzwa kwa kidole. Mwaka mmoja baadaye anapimwa mahali pengine, PSA inasoma 3, mpimaji anamwambia mko sawa mzee. Kumbe hesabu sahihi ni kuzidisha mara mbili, na 6 ni namba ya kuulizia. Dawa haijamletea saratani, imeificha tu. Finasteridi bila PSA ya kuanzia isiandikwe, na mgonjwa abaki na karatasi ya matokeo hayo nyumbani, maana mafaili ya kliniki zetu hupotea.

Nirudi kwa wale wanaosema dawa haikuwasaidia. Sehemu yao hawakuwa na tatizo la tezi. Kisonono cha ujanani ambacho hakikutibiwa vizuri huacha kovu linalobana mrija wa mkojo, na kovu halilegezwi na tamsulosini hata ukimeza kilo. Kisukari humfanya mtu akojoe mara nyingi na kwa wingi. Na zipo dawa zinazoziba mkojo zenyewe: vidonge vya mafua, ikiwemo klorofenamini ambayo kwetu kila nyumba inaijua kama Piriton, na zile zenye pseudoefedrini. Mzee mwenye tezi kubwa anapata mafua, anameza Piriton siku tatu, mkojo unafunga, na lawama inaangukia dawa ya tezi. Kupima sukari, mkojo na figo kabla ya kuandika dawa si anasa ya Kampala. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Mbale au Arua au Gulu, inaweza.

Kuhusu mitishamba sitaki kupita kwa dharau, kwa sababu mmoja wa miti inayojulikana zaidi duniani kwa ugonjwa huu unaota kwetu, kwenye miteremko ya Elgon na Rwenzori. Ni mcheri wa Afrika, Waganda huuita entasesa, na magome yake Wafaransa waliyageuza kuwa dawa ya dukani mwishoni mwa miaka ya 1960. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio 18, wenye wanaume 1,562, ulikuta kwamba waliotumia kiini cha magome hayo walisema wamepata nafuu zaidi ya mara mbili ya waliotumia kidonge kitupu, na kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19. Si haba. Ila majaribio yenyewe yalikuwa mafupi na vipimo vilitofautiana, na hakuna aliyeonyesha kwamba magome yanazuia mkojo kuziba. Tena kiini kile hutolewa kwa viyeyusho vya maabara vinavyokamua mafuta yaliyo ndani ya gome. Gome lililochemshwa kwenye sufuria ni kitu kingine, na kiasi kilichomo hakuna anayekijua. Mti nao umekuwa kwenye orodha ya kimataifa ya mimea inayodhibitiwa biashara yake tangu 1995, maana ukichunwa pande zote unakufa. Tunauza gome kwa gunia tukinunua kapsuli kwa pakiti.

Mmea mwingine unaouzwa sana mtandaoni, mti mdogo wa Marekani wa jamii ya minazi na mitende uitwao saw palmetto, umepimwa vizuri zaidi na umeshindwa. Majaribio ya 2006 na 2011, la pili likipandisha dozi mpaka mara tatu, hayakukuta tofauti na kidonge kitupu. Na zile chupa zinazoahidi kutibu tezi na "nguvu" pamoja, tahadhari: Mamlaka ya Taifa ya Dawa imewahi kuonya juu ya bidhaa za mitishamba zilizotiwa sildenafili kwa siri, na sildenafili juu ya dawa ya kulegeza tezi inaweza kumwangusha mtu kwa kushuka presha.

Upande wa kisu unastahili kupimwa kwa mizani ileile. Upasuaji wa kupitia njia ya mkojo hushusha dalili kwa asilimia 70 hivi na kasi ya mkojo huongezeka zaidi ya mara mbili. Hakuna kidonge kinachokaribia hapo. Na ile hofu ya kambi ya pili? Utafiti wa 1995 uliwagawa wanaume 556 wa Marekani, nusu wakapasuliwa na nusu wakasubiri wakiangaliwa, kwa karibu miaka mitatu. Waliopasuliwa hawakupoteza nguvu za kiume wala kuvuja mkojo kuliko waliosubiri. Kinachotokea kwa wengi, zaidi ya nusu, ni manii kurudi nyuma kuelekea kibofuni badala ya kutoka. Uume unasimama, raha ipo, ila kumpa mwanamke mimba kunakuwa kugumu. Kwa mzee aliyeoa mke mdogo na anatarajia watoto, hilo si dogo, na aambiwe kabla. Finasteridi nayo ina lake: mwaka wa kwanza wa PLESS, asilimia 15 ya watumiaji walipata shida za tendo la ndoa zilizohusishwa na dawa, dhidi ya 7 ya kidonge kitupu. Anayekimbia kisu kwa ajili ya nguvu akaangukia finasteridi hajakimbia mbali kama anavyodhani.

Lakini kisu cha kwenye majaribio na kisu cha kwetu havifanani. Vifaa vya kupitia njia ya mkojo havipo kila hospitali, kwa hiyo wengi hupasuliwa kwa kufungua tumbo na kibofu. Upasuaji huo unaondoa tezi vizuri, tena matokeo yake hudumu, ila unahitaji damu ya akiba, siku nyingi za kitanda na mtu wa kukuuguza. Madaktari bingwa wa mfumo wa mkojo ni wachache na wengi wako Kampala. Kwa hiyo anayesema "mpasueni tu mapema" aseme pia nani atampasua, wapi, na foleni ina urefu gani.

Na katika foleni hiyo kuna kundi ambalo kwangu halina mjadala. Ni wanaume wanaoishi na mpira wa mkojo. Mkojo ulipoziba mara ya kwanza, ni sahihi kabisa kuwekewa mpira, kupewa alfuzosini au tamsulosini siku mbili tatu, kisha mpira ukatolewa kwa kujaribu. Utafiti mmoja wa alfuzosini ulionyesha asilimia 62 hivi walikojoa wenyewe baada ya mpira kutolewa, dhidi ya 48 waliopewa kidonge kitupu. Faida nzuri kwa dawa ya siku chache. Aliyeshindwa jaribio hilo, au aliyeziba mara ya pili na ya tatu, au anayekojoa damu isiyokoma, au ana mawe kibofuni, au figo zimeanza kuharibika kwa sababu ya mkojo kurudi nyuma, huyo hana tena ugonjwa wa vidonge. Hata hivyo utamkuta amemaliza miezi saba na mpira ndani ya kanzu, ana pakiti ya tamsulosini mfukoni, kila akirudi kliniki anaandikiwa nyingine kwa kuwa ndicho kilichopo. Kibofu kilichosukuma dhidi ya kizuizi kwa muda mrefu huchoka, na kikichoka sana hakiamki hata tezi ikiondolewa. Figo zikifa, safari inayofuata ni ya mashine ya kusafisha damu, hospitali ya Kiruddu jijini Kampala au kwingine, mara mbili kwa wiki.

Kwa hiyo nikiulizwa na kaka anayesumbuliwa na dalili za kati, asiye na hatari hizo, nitamwambia ajaribu tamsulosini mwezi mmoja mzima, anunue kwenye famasi yenye leseni, ahesabu mwenyewe alama za dalili zake kabla na baada. Ikimfaa, aendelee, isipomfaa, aache na apimwe upya, asiongeze dozi. Finasteridi nitamwambia aifikirie tu kama tezi ni kubwa, PSA imepimwa, na ana uhakika wa kuilipia miaka miwili mbele. Asiye na uhakika huo na tezi yake ni kubwa, dalili zimeshakuwa kali, nadhani ana sababu nzuri zaidi ya kuomba upasuaji mapema kuliko mgonjwa wa Ulaya mwenye bima, akiwa bado ana nguvu, damu ya kutosha na figo nzima. Miongozo iliyoandikwa kwa nchi zenye bima inamwambia aanze na vidonge. Haikumfikiria yeye.

Na kama wizara ingekuwa na pesa ya kitu kimoja tu kwa wazee hawa, nisingeiweka kwenye shehena ya kapsuli. Ningeiweka kwenye kumaliza foleni ya wenye mipira katika hospitali za rufaa za mikoa: daktari bingwa azunguke, damu iwepo, vifaa viwepo. Vidonge vya kulegeza vina bei ambayo familia nyingi, kwa shida, huweza kuichangia mwezi hadi mwezi. Upasuaji hawawezi kuuchangia kwa kapsuli kumi kumi.